Sabuni Kwenye Ukingo wa Ringi

Izia, Sumbawanga
Jumapili jioni

Mwanangu Skola,

Barua za watu huanza kwa kuuliza hali. Hali yako mimi naijua, maana ukuta wa chumba chako ni mwembamba na nasikia unavyofungua sanduku, unatoa kitu, unafunga, halafu unafungua tena. Mama yako amekwisha kukuambia habari za blanketi, za kutokula ovyo njiani, za misa ya Jumapili na za kutomwachia mtu mizigo pale stesheni. Alipomaliza akaanza upya. Kwa hiyo hayo yote nayaruka. Mimi nataka kukuandikia habari za ringi.

Najua utasema, baba naye. Mtoto wa kwanza wa nyumba hii anakwenda chuo cha ufundi Dar es Salaam, na baba anashika kalamu kuandika habari za magurudumu. Lakini kesho alfajiri utapanda gari la Mzee Mwaisaka, na gurudumu la nyuma kulia, chini ya kiti chako, ni lile tulilolitengeneza mimi na wewe. Tangu juzi sina wazo jingine. Hata leo kanisani, padri alipokuwa akihubiri, mimi nilikuwa nakaza bolti moyoni.

Unakumbuka lile gari lilivyokuja kwetu. Yule mhandisi mgeni wa barabara alipoondoka alimwachia Mzee Mwaisaka, naye mzee, mfanyabiashara wa vitenge na chumvi, mtu wa Mbeya anayependa kuonekana, akalikubali kwa sababu ya zile ringi zinazong'aa. Akalipeleka Tunduma safari moja tu. Barabara yetu ikazikunja ringi mbili kingo, upepo ukawa hautulii ndani ya tairi, na ringi ya akiba ikapasuka uso. Kuanzia hapo gari likakaa juu ya mawe uani kwake, kuku wakalala chini yake. Ringi za kawaida hazikuingia, maana matundu hayalingani. Na ringi nyingine za aina ile, katika miaka hii ambayo hata tairi la baiskeli ni la kuandikia barua wilayani, utazipata wapi?

Halafu ikaja barua yako ya chuo. Basi la Mbeya nalo limelala gereji likisubiri kifaa, na hakuna anayejua litaamka lini. Chuoni walisema asiyeripoti kufikia Ijumaa nafasi yake atapewa mwingine. Mzee Mwaisaka akasema maneno yale uliyoyasikia mwenyewe ukiwa umesimama mlangoni na sinia: "Fundi, nitengenezee ringi zangu, na binti yako nitamfikisha Mbeya kwenye treni mimi mwenyewe." Nikakubali kabla hajamaliza uji wake. Nilikubali kwa ajili yako, lakini nisiseme uongo, nilikubali pia kwa sababu nilikuwa nikiziona zile ringi kila siku na mikono ilikuwa inaniwasha. Nilitaka kujua zimeunganishwaje.

Mimi ndivyo nilivyo tangu utoto. Babu yangu, baba wa babu yako, alikuwa mmoja wa wazee waliokuwa wakiyeyusha mawe ya chuma kwenye ilungu, lile tanuru refu la udongo linalozidi kimo cha mtu. Mpaka mimi nazaliwa kazi hiyo ilikuwa imekwisha, majembe yalikuwa yanatoka dukani, lakini tanuru lilikuwa bado limesimama juu ya kichuguu na majani yameota kileleni. Babu yako alibaki na uhunzi mdogo wa kunoa na kunyoosha. Na alibaki na miiko. Mwanamke hafiki kwenye moto. Na moto ukishawashwa hakuna kusema mpaka chuma kitoke, kwa sababu mhunzi anausikiliza moto, na maneno ya watu wengine yanakipoteza chuma njia.

Siku moja, nikiwa na umri wa kuchunga mbuzi, nilikaa kando ya moto wake nikamwuliza chuma kinajuaje kwamba kimeiva. Hakunijibu. Nikauliza tena. Akaacha mivukuto, akanishika bega, akanitoa nje na kunifungia mlango wa matete. Jioni ile, akila ugali wa ulezi, akaniambia jibu moja tu: "Kikiwa chekundu kitakuambia chenyewe." Nililipokea jibu lile kama watu wanavyopokea komunio. Nimelitumia kwenye majembe, kwenye mapanga, kwenye springi za malori, na halijawahi kuniangusha. Tulipohamishiwa kijiji kipya na nyumba ya baba ikaachwa nyuma na mashamba yake, vitu nilivyobeba begani vilikuwa mivukuto yake na nyundo yake, na jibu lile.

Sasa kumbuka tulivyoanza kazi. Nilikuambia uje unisaidie kwa sababu mkono wako ni mwembamba unaingia mahali wangu hauingii. Nilijua navunja mwiko wa kwanza, nikajiambia kwamba nyakati zimebadilika, chama kinasema wanawake na wanaume wote ni nguvu kazi, na tena huu ni moto wa uani tu. Nikajiona mtu wa maendeleo sana. Ule wa pili, wa kunyamaza, nikaubakiza. Nilikuambia waziwazi, "Kwenye moto hakuna kusema." Ukaitika, "Sawa, baba." Wewe na sawa yako.

Tulivyoifungua ile ringi ya kwanza nilifurahi kama mtoto. Kumbe ni vipande vitatu: uso wa katikati wenye mikono kama nyota, mzingo wa ndani, na ukingo wa nje, vyote vimeshikwa na bolti ndogondogo zilizozunguka. Nani alikaa akafikiri hivyo? Kwa nini asitengeneze kitu kimoja kizima kama watu wengine? Nilikuuliza hivyo, ukainua mabega. Bolti zilikuwa zimeshikana na madini ya ringi kwa chumvi na vumbi, tukazinywesha mafuta ya taa usiku kucha, na asubuhi wewe ukazitoa moja moja bila kukata hata moja, ukazipanga kwenye kopo la maziwa kwa utaratibu ambao uliujua wewe peke yako. Mimi ningezikata. Nina pupa na vitu vilivyoshikana.

Kisha ukaziosha. Mama yako alipogundua kwamba kile kipande cha sabuni alichokipangia foleni duka la ushirika kimekwenda kuosha magurudumu ya Mzee Mwaisaka, nyumba haikukalika. Ukasimama kimya ukasemwa mpaka mwisho. Sikukutetea, nami ndiye niliyekutuma. Nilikuwa nimeinama nasugua uso wa ringi kwa majivu ya makapi ya ulezi na kitambaa, najifanya sisikii. Majivu yale yalitoa mng'aro ambao hata dukani hukuti, nikawa najisifu kichwani wakati wewe unalipia sabuni.

Ukingo wa ringi ya kwanza ulikuwa umekunjwa kidogo. Tukauweka juu ya makaa barazani, kivulini, wewe ukapuliza mivukuto. Makaa yakaisha kabla haujawa mwekundu. Nikakasirika, nikasema ngoja nijaribu hivyohivyo, nikaugonga kwa nyundo ya mti, ukanyooka taratibu mpaka ukawa sawa. Nikadhani ni bahati. Sikujiuliza zaidi. Mimi ninayejiita mdadisi, siku ile ambayo kitu kilikwenda vizuri bila sababu ninayoijua, nilikwenda kunawa mikono nikala.

Wewe hukwenda kula. Nakumbuka sasa kwamba ulibaki umechuchumaa pale, unaukwaruza ule ukingo kwa ukucha.

Kesho yake tukaweka ukingo wa pili, uliokunjwa vibaya. Safari hii nilikuwa na gunia zima la makaa, nikasema leo nitaufanya kwa kanuni. Nikasubiri wekundu. Ukapuliza. Nikasubiri. Ule ukingo ukabaki mweupe vilevile kama ulivyotoka kuoshwa. Nikakuonyesha kwa mkono uzidishe. Hapo ukaacha mpini mmoja ukainua mkono, kama mnavyofanya darasani mkitaka kusema. Nami nikaweka kidole mdomoni.

Skola, kidole kile nakiona mpaka sasa.

Ukashusha mkono ukaendelea kupuliza. Punde si punde ukingo ukalegea upande mmoja, haukuwa mwekundu, haukutoa mlio, ukajilaza kwenye makaa kama samli. Nilipouvuta kwa koleo nusu yake ilibaki motoni.

Nilikaa chini. Ulisimama na mikono yako nyuma. Nikakuuliza ulitaka kusema nini, ukaangalia ardhi.

"Sabuni, baba," ukasema. "Jana povu lililokaukia pale ukingoni lilikuwa jeusi, ndipo ukagonga ukanyooka. Leo liligeuka jeusi zamani."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulisema kwenye moto hakuna kusema."

Hukusema kwa kunilaumu. Ulisema kama mtu anayejibu ameambiwa akachote maji wapi. Afadhali ungenilaumu.

Mama yako akatoka jikoni, akatazama lile donge, akatutazama sisi. Akasema kwa sauti ya chini kabisa kwamba kitu kile ni madini ya sufuria, na kila mwanamke wa Sumbawanga anajua kwamba sufuria ikisahauliwa motoni bila maji haigeuki nyekundu, inatoboka tu. Kisha akarudi jikoni. Ukoo mzima wa wahunzi, vizazi kwa vizazi, na jibu lilikuwa linapika maharage hatua chache kutoka pale nilipokaa.

Nataka ujue jambo moja la saa ile, kwa sababu kesho unaondoka na sipendi uende bila kulijua. Nilipoona ule ukingo umeyeyuka, jambo la kwanza nililohisi halikuwa huzuni. Nilifurahi. Furaha yenyewe ilikuwa fupi, lakini ilikuwa ya kweli: gari haliendi, binti haendi, Ijumaa inapita, utabaki hapa na kopo lako la bolti. Ndipo aibu ikanishika, nikatoka nikaenda kutembea mpaka kwenye mashamba ya mahindi, upepo wa Ufipa ukinipiga usoni. Njiani nikajiuliza, hivi yeye mwenyewe anataka kwenda? Nikagundua sijawahi kukuuliza. Barua ya chuo ilipokuja nilisema hongera, ukasema sawa, baba. Mama yako alisema utaondoka na Mzee Mwaisaka, ukasema sawa, mama. Nilikuwa nakusubiri uwe mwekundu. Nilidhani ukiwa na furaha utaruka, ukiwa na hofu utalia, nami nitaona. Wewe hubadiliki rangi. Miaka yote hii nimekuwa nikikuangalia kama jembe.

Niliporudi nilikuta umetandika gunia, juu yake umeweka ile ringi ya akiba, iliyopasuka uso. Umeifungua bolti zote. Uso wake haufai, lakini ukingo wake wa nje ulikuwa mzima, haujakunjwa popote. Ulikuwa umekwisha kuulinganisha na matundu ya ringi ya pili, umeuweka juu yake, umekaa pembeni unasubiri. Unasubiri nini? Unasubiri niulize.

Nikauliza. Nilikaa chini kwenye gunia nikasema, "Haya mama, tufanyeje?"

Ukaongea, mwanangu. Ulisema kwamba ndiyo maana yule mtu aliitengeneza vipande vitatu, kwamba kimoja kikifa vingine visife nacho. Ulisema bolti zikazwe kwa kuvuka, hii na ile ya upande wa pili, kidogokidogo, maana ukizikaza kwa kuzunguka, upande mmoja utanyanyuka. Ulisema tutie tyubu ndani kwa sababu gundi ya kuzuia upepo hatuna. Ulisema tujaze upepo huku ringi imelazwa na sote tumekaa mbali. Nilikuwa nasikiliza sauti yako kuliko maneno. Sikujua kwamba una maneno mengi hivyo. Nilitamani kukuuliza mengine ambayo hayahusu ringi kabisa, nikaogopa utanyamaza.

Na jioni ile tulifanya lile jambo ambalo mama yako hajatusamehe hadi leo. Ulichukua mfuniko wa sufuria yake, ule uliobonyea, ukaupaka sabuni, tukauweka motoni sisi wawili tukichungulia. Sabuni ikawa ya rangi ya asali, ikawa kahawia, ikawa nyeusi. Ukagonga, ukanyooka. Tukaupaka tena, tukaiacha sabuni ipite nyeusi, tukasubiri makusudi tuone. Mfuniko ukaanguka. Ukacheka kwa sauti. Mimi nikacheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini, na tulishindwa kumweleza kwamba tunachoma mfuniko. Tulikuwa tunaongea kwenye moto, mwanangu, na hakuna chuma kilichopotea njia.

Siku ile nilikuuliza tukiwa tunanawa. Unakumbuka. Nilikuuliza kama unataka kwenda Dar es Salaam kweli. Ulisugua kucha zako moja moja, kisha ukasema unataka, na kwamba unaogopa, na kwamba vyote viwili viko pamoja. Nilikumwagia maji mikononi tu. Lakini nataka ujue kwamba kwangu ilitosha.

Kwa hiyo mawaidha sina, nina maswali. Huko chuoni kuna watu waliosoma madini. Waulize kwa nini chuma kinageuka rangi na hii aluminiamu haigeuki. Je, haipati moto, au inaupata na kuuficha? Waulize sabuni inajuaje. Waulize nani alikuwa wa kwanza kuwaza kuunganisha gurudumu kwa vipande, na kama aliwaza hivyo baada ya kuharibu kimoja kizima. Ukipata jibu niandikie, na usipopata niandikie kwamba hujapata. Na ukiwa unaandika, usiniandikie kwamba u mzima wa afya kisha mstari ukaishia hapo. Imeshaonekana kwamba mimi sijui kusoma rangi yako. Niandikie kinachokuogopesha na kinachokuchekesha, hata kama ni jambo dogo la bwenini. Nami nitakuuliza kila barua, mpaka uchoke.

Mama yako amekufungia kipande cha sabuni kwenye kanga, amesema ni cha kufulia tu na anajua utakachofanya nacho.

Sasa la kesho. Ringi ile ya nyuma kulia, ile ya pili yenye ukingo wa ringi ya akiba, imeungwa upya, na kitu kilichoungwa upya hukaa vizuri baada ya kutembea kidogo. Bolti zake zinapaswa kukazwa tena mkifika Laela, au kabla ya hapo zikilegea. Spana nimeifunga kwenye gazeti nikaiweka juu kabisa ya kikapu chako, siyo kwenye sanduku. Tairi la akiba hakuna, unajua lilikokwenda. Mzee Mwaisaka nimemwambia, akasema sawa sawa fundi, lakini wewe unamfahamu. Akishika usukani anaanza hadithi za Tukuyu na haziishi mpaka Mbeya, na hapendi kusimama. Mbele atakaa mke wake, ambaye naye atakuwa anaitikia. Wewe utakuwa nyuma, binti mdogo uliyelelewa vizuri, umeshatoa shikamoo yako, unasikiliza wakubwa.

Kutakuwa na mlio kwanza. Mdogo, kama mtu anagonga kijiko kwenye kikombe, na utaenda na mzunguko wa gurudumu. Wao hawatausikia. Wewe utausikia, kwa sababu hizo bolti umezitoa na kuzirudisha kwa mkono wako. Ukiusikia usisubiri mzee amalize hadithi. Usiinue mkono. Usiangalie kama kuna mtu ameweka kidole mdomoni, hata akiwa mkubwa kuliko mimi. Mwambie asimame, sasa hivi, kwa sauti, halafu ushuke na spana yako.

Na akikuuliza ni nani amekuambia, usinitaje mimi. Mwambie umesikia wewe.

Baba yako